Koti la Baba Mkwe

Lori lilikuwa limeshageuza pua kuelekea barabara kuu, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu na kunyoosha miguu juu ya begi langu kando ya dereva, mpwa wangu alipoanza kuupiga mlango kwa kiganja. Alikuwa anakimbia sambamba na sisi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mjomba, shuka! Shuka, Mjomba!"

Dereva akapunguza mwendo, akanitazama. "Mzee, umemwibia nini binti wa watu?"

"Huyo ni mpwa wangu."

"Kwani wapwa hawaibiwi?"

Nikateremsha kioo. Mpwa wangu alikuwa anahema hata maneno hayatoki vizuri.

"Lile koti la kijivu uliloliuza asubuhi, ulimuuzia nani?"

"Koti gani? Nimeuza makoti mawili leo."

"La kijivu, lenye mistari! Lile siyo letu, Mjomba! Ni la Mzee Pasi! Alikuja nalo mwilini!"

Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Dereva alicheka mpaka akazima injini, akasema yeye ameshabeba watu wa kila namna lakini hajawahi kubeba mtu aliyemuuza mgeni wake nusu. Nikashuka na begi langu. Lori likaondoka.

Niwaeleze mambo yalivyokwenda, msije mkanihukumu mapema.

Mdogo wangu anauza mitumba. Ameanza kabla binti yake hajaota meno, na binti huyo sasa ni mtu mzima, anaandikisha wagonjwa kwenye zahanati. Kibanda kiko safu ya tatu ya soko la nguo, katikati ya muuza mashuka na muuza viatu. Mimi nilikuwa nimefikia kwake miezi miwili, nikimsaidia kufua na kupiga pasi, mpaka nilipopata lori la kwenda ninakotaka. Mimi sikai mahali pamoja, nimezoea hivyo. Kwa miaka hamsini ya kuzunguka sijawahi kununua shati jipya, na hakuna aliyewahi kuniona uchi.

Mpwa wangu alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja kijana mpole, wa kuongea kwa mpangilio kama anaandika ubaoni. Tatizo lilikuwa baba yake mwalimu. Huyo alikuwa karani wa mahakama, akastaafu, lakini mavazi yake hayakustaafu. Mkunjo wa suruali yake ungeweza kukatia nyanya. Ndiyo maana mpwa wangu alimwita Mzee Pasi, kwa siri, na sisi tukaiga. Mzee Pasi alikuwa amemwambia mwanawe hivi: binti ni mzuri, hana neno naye, lakini yeye hawezi kukaa meza moja na mtu anayeuza nguo zilizovuliwa na watu wasiojulikana. Mama aache kazi hiyo kwanza, ndipo yaje mambo ya harusi. Mwalimu akasema bila baraka za baba hawezi kuoa. Mpwa wangu akasema mama yake haachi kazi iliyomsomesha, na kama ni hivyo basi, kila mtu ashike njia yake. Alisema hivyo kwa ushujaa mbele ya watu, halafu akaenda kufua mashuka ambayo yalikuwa safi.

Sasa siku hiyo ya safari yangu, Mzee Pasi alikuja mwenyewe sokoni kumwambia mdogo wangu neno hilo uso kwa uso. Wazazi wa pande mbili walikuwa hawajaonana bado. Alifika jua limepanda, jasho linamtoka, akavua koti. Na hapo ndipo mdogo wangu alipofanya kosa.

Ana utaratibu wake, na ni mkali nao. Robota la nguo likifunguliwa, kila nguo inapekuliwa mifuko, inafuliwa, inapigwa pasi, vifungo vilivyolegea vinakazwa, ndipo inapanda kwenye henga. Kilicho juu ya henga kimeshakaguliwa na kinauzwa. Kilicho chini bado. Hakuna cha kuuliza. Lakini mgeni wa heshima amevua koti, viti vina vumbi, utaliweka wapi koti la mkwe? Mdogo wangu akachukua henga yake nzuri kuliko zote, ya mbao, akalitundika koti mbele kabisa, mahali pa heshima. Halafu akamvusha mzee ng'ambo ya kichochoro kwa mama wa chai. Mimi nilikuwa natoka kuwaaga majirani, akaniita kutoka kule:

"Kaka, niangalizie biashara, nina mgeni!"

Nikaangalia biashara. Nikaona koti la kijivu, zito, limetulia kama hakimu. Akapita kinyozi wa kona ya pili, mtu mfupi, mcheshi, akalijaribu.

"Mikono mirefu," akasema. "Humu ninaenea mimi na jirani yangu."

"Mikono inapunguzwa," nikamwambia. "Tazama bega lilivyokaa. Koti kama hili halijavaliwa na mtu ovyo ovyo, limevaliwa na bwana!"

Akanunua. Mimi nikachukua begi, nikavuka kumuaga mdogo wangu, nikampa mkono yule mzee aliyevaa shati jeupe, nikamwambia kwa furaha, "Tumeuza koti moja sasa hivi, zuri ajabu. Ungewahi ungelichukua wewe."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mimi sivai nguo za marehemu," akasema.

Nikaenda zangu kupanda lori.

Basi tukawa tunarudi sokoni mbio mbio, mimi na mpwa wangu, begi likinigonga mgongoni.

"Yeye anajua?" nikauliza.

"Hajui. Mama kamwambia limepelekwa kupigwa pasi."

"Kasemaje?"

"Kafurahi. Kasema wasisahau ukosi."

Sikwenda kwa kinyozi. Pale sokoni kila anayenunua nguo isiyomtosha anakwenda moja kwa moja kwa fundi wa cherehani mwisho wa safu, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye ameshapunguza na kuongeza nusu ya mji. Tulimkuta ameinama mezani. Koti lilikuwa mbele yake. Pembeni yake vilikuwa vipande viwili vya kitambaa cha kijivu, na leso iliyokunjwa vizuri, iliyotoka mfukoni mwake.

Mkasi ulikuwa umeshapita.

Mpwa wangu akakaa chini juu ya gunia la vipande. "Nimekwisha," akasema. "Mjomba, mimi nimekwisha."

"Mbona mnaingia kama mnafukuzwa?" Fundi akauliza. Tukamweleza. Alisikiliza, akalivuta koti, akaligeuza nje ndani, akaanza kutikisa kichwa.

"Hili koti la baba mkwe wako?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Fundi, amekuja amelivaa!"

"Maana mimi hili nalijua. Limeshapita mkononi mwangu." Akafunua bitana ya ndani chini ya kwapa. Palikuwa na nyuzi tatu nyekundu, fupi, zimeshonwa sambamba. "Kila kazi yangu naacha hizi. Mtu akija kulalamika mshono umefumuka, naangalia kwapani kwanza, nijue kama aibu ni yangu au ya mwenzangu. Hili nililibana kiuno, mwaka juzi. Alilileta Mama Vifungo."

Mama Vifungo nilimjua. Kila Jumanne anakuja kwa mdogo wangu, mama mnene mwenye sauti ya chini, anapindua kila nguo, na kifungo kimoja kikiwa si ndugu wa vingine hanunui mpaka kitafutiwe mwenzake. Mpwa wangu hamjui, maana Jumanne ni zamu yake zahanati.

"Sasa koti la Mama Vifungo limefikaje kwa Mzee Pasi?" mpwa wangu akauliza. "Kaliiba?"

Mimi na Fundi tukatazamana.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo mama mkwe wako anafananaje?"

"Mnene kidogo. Mpole. Anaongea taratibu." Nikaona jambo linaingia kichwani mwake polepole, halafu akaruka kutoka kwenye gunia kama ameketi juu ya sindano, na nadhani kweli kulikuwa na sindano. "Mjomba! Mzee Pasi anavaa mitumba! Yeye mwenyewe! Tumempata!"

Alitaka kukimbia akamwambie hapo hapo. Nikamshika mkono. Tukalichukua koti, tukarudi, tukamwita mama yake kwa ishara, akaja nyuma ya kibanda chake, tukamnong'oneza yote. Mdogo wangu aliangalia nyuzi nyekundu, akaangalia mikono iliyokatwa, akakunja uso.

"Hakuna atakayefungua mdomo," akasema.

"Mama! Ni kinga yetu hii!"

"Mwanamke amemtunzia mumewe heshima miaka yote, mimi nani wa kumvua nguo mbele ya soko? Nikipata mkwe kwa njia hiyo, nitamtazamaje usoni? Nitasema nililoharibu mimi. Basi."

"Na akiondoka?"

"Ataondoka. Utalia, na mimi nitalia na wewe. Lakini siyo hivyo."

Mpwa wangu akafunga mdomo, ingawa ilionekana unamuuma.

Mdogo wangu akavuka kichochoro akiwa amelibeba koti mikono miwili, kama mtoto wa mtu aliyeanguka akiwa chini ya uangalizi wako. Akamwambia mzee ukweli: nililitundika mimi, likauzwa kwa bahati mbaya, limekatwa mikono, nakuomba radhi, nitalipa.

Mzee Pasi aliinuka.

"Limeuzwa? Koti langu? Limetundikwa pamoja na... na haya?" Akaonyesha nguo zote za safu ya tatu kwa mkono mmoja. "Mimi nimekuja hapa na neno moja, mama, na sasa sina haja ya kulisema. Umelisema wewe mwenyewe kwa vitendo!"

Mpwa wangu alinikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Koti lile lilinunuliwa dukani!" mzee akaendelea. "Litalipwa kwa koti la dukani. Jipya. La duka lile lile." Akatoa simu mfuko wa suruali. Sikio lake moja ni zito, kwa hiyo huongea simu ikiwa imefunguliwa sauti yote, na majirani wote wakaacha walichokuwa wanafanya.

"Mama watoto, lile koti la kijivu ulilinunua duka gani?"

Kimya.

"Halo?"

"Koti gani?"

"La kijivu, nililotoka nalo leo. Limeuzwa."

"Na nani?"

"Na hawa watu! Nataka jina la duka, twende sasa hivi wakalipe lingine."

Muuza mashuka alikuwa amesimama na shuka mkononi, halikunji wala haliachii.

"Uko wapi wewe?" mama akauliza.

"Niko sokoni, kwa mama yake binti. Kumbe anauza hapa hapa—"

"Safu ya ngapi?"

Mzee Pasi akaitazama simu. "Safu? Umejuaje kama kuna safu?"

"Nakuja," mama akasema, na simu ikakatika.

Hawakuwa wanakaa mbali. Tulimpa mzee chai ya pili, akaiacha ipoe. Kisha tukaanza kusikia sauti kutoka mwanzo wa soko, zinakuja zikikaribia, kama mtu anapitisha habari.

"Mama Vifungo! Leo siyo Jumanne!"

"Mama Vifungo, ile blauzi yako nimekuwekea!"

"Karibu mama, nimepata vile vya shaba, vinne, vyote ndugu!"

Akatokea, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, anatembea haraka kwa mwili wake ule. Kwenye njia panda ya vichochoro hakuuliza mtu, akakata kushoto, akaruka mfereji bila kuutazama. Mdogo wangu alipomwona akashika mdomo. Mpwa wangu akapiga goti kidogo, "Shikamoo, Mama." Na muuza viatu, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akapaza sauti:

"Mama Vifungo! Arobaini na mbili ya mzee imefika, ngozi tupu!"

Mzee Pasi akainamisha kichwa polepole, akatazama viatu vyake mwenyewe. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa. Arobaini na mbili.

"Mama watoto," akasema, "hawa watu wanakujuaje?"

Mama akatua kikapu. Alimtazama mdogo wangu, akalitazama koti bila mikono, akamtazama mumewe. Nadhani alikuwa ameshaandaa uongo njiani, maana alifungua mdomo, akaufunga, akautupa.

"Koti hilo nililinunua hapo," akasema, akionyesha henga za mdogo wangu. "Kwa mama huyu. Mwaka juzi. Sikujua kama ndiye mama yake binti, naye hakujua mimi ni nani."

"Lile koti?"

"Na shati hilo."

Mzee Pasi alishika shati lake kifuani.

"Na suruali. Na viatu, kwa huyu mwenye mdomo mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu suti ya harusi yetu."

"Hata suti ya harusi!"

"Hiyo ndiyo hasa."

Mzee alitafuta pa kukaa bila kutazama, akaangukia robota lililokuwa halijafunguliwa. Likamkubali, likashuka kidogo, akabaki amekaa hapo magoti yakiwa juu. Nilitegemea apige kelele, lakini aliuliza kwa sauti ndogo sana:

"Na soksi?"

"Soksi mpya," mama akasema. "Na za ndani mpya. Mimi nina mipaka."

Muuza mashuka ndiye aliyeanza. Alijificha nyuma ya shuka lake lakini mabega yalimsaliti, na kuanzia hapo soko likaangua kicheko safu kwa safu. Mdogo wangu peke yake hakucheka, alikuwa anamwangalia mzee kwa wasiwasi. Mama Vifungo akamsogelea mumewe, akachuchumaa mbele yake.

"Baba watoto, kumbuka siku ile jaji alikuuliza suti yako imeshonwa wapi. Ulirudi nyumbani unatembea kama jogoo. Ilitoka safu ya tano. Na lile shati la buluu ulilojinunulia mwenyewe dukani, ulilivaa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ya tatu?"

"Ya tatu lilikuwa limekuwa la mtoto," mzee akakiri.

"Umeona? Nguo mpya huijui mpaka umeshaitia majini. Hii imeshafuliwa mara mia huko ilikotoka na bado imesimama. Imeshakuonyesha tabia yake kabla hujaichukua. Nilikuwa na watoto wanne wa kusomesha na mume wa kumpeleka mahakamani akiwa nadhifu. Nilifanya vyote viwili. Ulitaka niache kipi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniacha nafasi ya kusema? Kila siku jasho la watu, marehemu, marehemu. Marehemu gani? Watu wamenenepa tu."

Mimi hapo nilicheka kwa sauti, samahani, lakini nilicheka. Miezi miwili nilikuwa nafua hizo nguo na hayo ndiyo maelezo mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia.

Katikati ya hayo akafika kinyozi, amefungua mikono. "Fundi ananiambia koti langu limetoka kutembea. Nililipa, jamani, nililipa kwa huyu mzee wa begi!"

Mdogo wangu akaanza kumweleza, lakini Mzee Pasi akainua mkono.

"Livae," akamwambia kinyozi.

Kinyozi akalivaa. Mikono ilikuwa bado haijapindwa, nyuzi zinaning'inia, lakini ilimkaa sawasawa pale kwenye vifundo vya mikono. Mzee Pasi aliinuka kutoka kwenye robota, akamzunguka, akamnyoosha ukosi kwa vidole viwili. Kinyozi akafunga vifungo vyote vitatu. Mzee akamfungulia cha chini.

"Hiki hakifungwi kamwe," akasema. "Na usilikunje, ulitundike. Linapigwa pasi kwa kitambaa chenye unyevu juu yake. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi ni lako. Limekupenda kuliko lilivyonipenda mimi."

Kinyozi akaondoka kurudi kwa Fundi, akitembea kama aliyepewa cheo. Mzee Pasi akabaki amesimama na shati lake, mikono haijui iende wapi. Mtu aliyezoea koti, ukimtoa koti, hajui mikono inakaa wapi.

Mdogo wangu akasema kwa upole, "Mzee, ulikuwa umekalia robota la makoti. Nilipanga kulifungua kesho."

Mzee alilitazama lile robota. Akatutazama sisi. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshakunja mikono ya nguo yake.

"Lifungue," akasema.

Mtu ambaye hajasimama karibu na robota linapofunguliwa hajui raha ya soko. Mdogo wangu alikata mikanda, ikaruka tap, tap, na nguo zilizokuwa zimebanwa zikapumua na kupanda zenyewe kama unga wa mkate. Hakuna anayejua ndani kuna nini, hata aliyenunua. Watu wazima wanasukumana mbele. Mzee Pasi alisimama nyuma kidogo kwa heshima yake, kwa muda mfupi tu. Halafu akaona pindo la koti la buluu iliyokolea, akapiga goti moja, akalivuta. Akapiga goti la pili.

"Tazama kwapani," mkewe akamfundisha. "Lielekeze kwenye mwanga. Kama kuna mwanga unapita, weka chini."

"Haupiti."

"Vuta mshono wa mgongo. Haya. Sasa bega. Mikono inapunguzwa, kiuno kinabanwa, lakini bega likikukataa limekukataa."

"Linakubali." Alikuwa ameshalivaa. "Na bitana hii, mama watoto, shika. Hii siyo ya siku hizi. Siku hizi wanatia karatasi."

"Hesabu vifungo."

Akahesabu, kwa umakini wa mtu anayehesabu kurasa za jalada la kesi. Kimoja hakikuwapo. Uso ulimwanguka. Mama Vifungo akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa kopo la kahawa, akalitikisa, likalia kama njuga.

"Ndiyo maana mimi naitwa hivyo," akasema.

Akiwa bado amepiga magoti, mkewe akitafuta kifungo, Mzee Pasi akainua uso kwa mdogo wangu.

"Mkwe," akasema.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akisema neno hilo.

"Nilikuja hapa kukwambia uache kazi hii," mzee akasema. "Siwezi tena kukwambia uache kazi iliyonivalisha mimi miaka yote. Nikisema hivyo nitabaki na soksi. Watoto waoane. Wachague tarehe."

Mdogo wangu ndipo alipocheka, kicheko na machozi vikachanganyika, ikabidi mama wa chai amletee kiti. Mpwa wangu alipiga magoti pale pale kwenye makoti, upande wa pili wa robota, akaanza kumsaidia baba mkwe wake kuchagua, akimwonyesha hili na lile, na kila alilomwonyesha mzee alilikuta na kasoro.

"Binti," nikamsikia akisema, "hili kwapani linaonyesha mwanga. Umefundishwa na nani?"

"Na huyo mjomba wangu, baba."

"Nilidhani hivyo," mzee akasema.

Walioana miezi mitatu baadaye, ofisi ya msajili, watu kumi na wanne. Gauni la bibi harusi lilitoka kwenye robota la pili la mwezi ule, Fundi akaliingiza ndani kiunoni. Wana mtoto mmoja sasa, wa kike. Mwalimu amehamishiwa shule nyingine, mbali kidogo, anapanda baiskeli. Mpwa wangu bado yuko zahanati.

Mzee Pasi anakwenda sokoni na mkewe kila Jumanne. Anabishana na wauzaji kuhusu bitana, na muuza viatu amemchoka. Mama Vifungo aliumwa mguu mwaka jana, akapona. Kinyozi amefungua chumba cha pili. Fundi alinunua miwani mpya, ikavunjika, akarudia ile ya uzi.

Mdogo wangu hakuacha kazi. Paa la kibanda lilivuja wakati wa mvua, akalibadilisha.

Mimi niliondoka siku nne baada ya lile lori, kwa lori jingine lililobeba saruji. Siku hizi niko mji mwingine kwa mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye anatengeneza baiskeli. Nitakaa mpaka mvua ziishe.